Mizani Inayomeza Utamu: Mvinyo na Asali kwenye Njia ya Misafara

Mkulima wa zabibu wa Hombolo mkoani Dodoma akiamua kuacha vishada mtini wiki tatu zaidi ili sukari ipande, siku ya kuuza atalipwa pungufu. Zabibu inayokaukia mtini hupoteza maji. Maji ndiyo uzito, na uzito ndio unaolipwa. Karibu kilomita 400 kuelekea magharibi kwa reli, mkoani Tabora, mrina asali wa Sikonge anayesubiri nyuki wafunike masega kwa nta ndipo arine hupata asali nzito isiyochacha. Hata hivyo, mara nyingi ndoo yake ya lita 20 huuzwa bei ileile ya ndoo ya mwenzake aliyerina mapema asali nyepesi. Hawa wawili wanafanya kazi tofauti katika mikoa tofauti, ila hasara yao chanzo chake ni kimoja: soko linalipia uzito na ujazo, wakati kinachotafutwa na kiwanda ni sukari.

Hapo ndipo ilipokwama biashara ambayo Tanzania ya kati na magharibi ingeweza kuijenga kwa mali iliyonayo tayari, yaani mvinyo mtamu wa daraja la juu. Ninaouzungumzia hapa ni ule ambao utamu wake umetoka shambani, kwenye tunda lililoiva kupita kiasi cha kawaida au kwenye asali. Kumimina sukari ya mfuko ndani ya tangi ni kazi nyingine.

Ukitazama ramani, bidhaa zote mbili zimekaa kwenye barabara moja ya zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikaingia Ugogo ambako ilitozwa hongo na watemi kwa ajili ya kupita na kupata maji, ikavuka pori la Mgunda Mkali, kisha ikapumzika Unyanyembe, Tabora ya leo. Burton na Speke walifika Kazeh, mji wa wafanyabiashara Waarabu palepale Unyanyembe, Novemba 1857, wakakuta soko lenye uhusiano na Ujiji upande wa magharibi na Karagwe upande wa kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kuliko mtu yeyote. Reli ya Kati ilifuata karibu mkondo huohuo: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Nta ya nyuki ya Unyamwezi ilisafirishwa kwenda pwani na ng'ambo tangu enzi za wakoloni. Zabibu zilichelewa sana kuingia katika biashara ya njia hiyo.

Zilifika Ugogo miaka ya 1950 kwa mikono ya mapadri wa Kiitalia wa shirika la Wapasionisti, katika misheni ya Bihawana nje kidogo ya mji wa Dodoma. Walihitaji divai ya misa, na sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai hiyo iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na iwe haijaharibika. Kilimo kikatoka misheni kikaenda gereza la Isanga, kisha kwenye vijiji. Baadaye serikali ikaanzisha kiwanda cha umma, DOWICO, na kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. (Msomaji asichanganye: Makutupora inayotajwa kwenye reli mpya ya SGR iko Manyoni, mkoani Singida. Ya zabibu iko kaskazini mwa jiji la Dodoma.) DOWICO ilikufa katika wimbi lililoangusha mashirika mengi ya umma, na wakulima wengi waliachwa bila mnunuzi. Kilimo kilifufuka taratibu viwanda binafsi vilipoingia, vikiwamo CETAWICO wa Hombolo na Alko Vintages wa Dodoma mjini, pamoja na watengenezaji wakubwa wa vinywaji wa Dar es Salaam walioanza kununua mchuzi wa zabibu kutoka kwa wasindikaji wadogo.

Kwa mvinyo mtamu mweupe, aina ya zabibu inayotuhusu ni Chenin Blanc, ambayo imelimwa Dodoma kwa miaka mingi sambamba na zabibu nyekundu maarufu ya Makutupora. Tungeambiwa tuchague upya kutoka dunia nzima, ni vigumu kuona kama tungepata iliyo bora zaidi kwa kazi hii. Chenin Blanc hutunza ukali wake hata inapoiva sana chini ya jua. Mvinyo mtamu usio na ukali hukinaisha kama sharubati, lakini wenye ukali humfanya mnywaji atamani glasi ya pili. Ndiyo maana katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa, maeneo kama Vouvray na Coteaux du Layon yamejipatia jina kwa mvinyo mtamu wa zabibu hii. Afrika Kusini nako, ambako Chenin iliitwa Steen, kampuni ya Nederburg ilitengeneza Edelkeur mwaka 1969 kwa zabibu hiyohiyo, iliyovunwa kwa kuchelewa.

Dodoma ina jambo moja ambalo Loire hawana. Huko Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima akipogoa, mti huchipua, na baada ya miezi minne hadi mitano huwa na vishada vya kuvunwa. Kwa hiyo kuna misimu miwili: mmoja unaangukia Machi, mvua zikiwa bado hazijaisha, na mwingine Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi. Msimu wa Machi haufai kabisa kwa mavuno ya kuchelewa. Unyevu huleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, tunda hupasuka, na kila siku ya kusubiri ni kamari. Msimu wa kiangazi ni habari nyingine. Anga ni kavu, upepo unavuma mchana, na usiku wa mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari huwa na ubaridi unaolinda ukali wa tunda. Ni wakati ambao mkulima anaweza kusubiri bila hofu ya mvua.

Kwa nini basi hasubiri? Tupige hesabu. Chukua tani moja ya Chenin Blanc yenye sukari ya asilimia 21, kiwango cha kawaida cha mvinyo mkavu. Ndani yake kuna kilo 210 za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Zabibu hizo zikikaukia mtini hadi zifike asilimia 30, sukari ni ileile ila kilichobaki kwenye mizani ni kilo 700. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,200 kwa kilo, tani ile ingemletea mkulima shilingi 1,200,000, na sasa inamletea 840,000. Ili asipate hasara, kilo moja inapaswa kupanda hadi shilingi 1,715 hivi. Na hapo hatujahesabu zilizoliwa na ndege, zilizofyonzwa na nyuki na nyigu baada ya ganda kupasuka, zilizooza katikati ya shada, wala gharama ya kurudia kuvuna mara mbili au tatu kwa kuchagua. Hatujahesabu pia kwamba mti uliobeba mzigo wiki tatu zaidi hupogolewa kwa kuchelewa, na msimu unaofuata husogea kuelekea kwenye mvua. Kwa bei inayopangwa kwa kilo peke yake, mkulima mwenye akili timamu huvuna mapema kadiri kiwanda kitakavyokubali.

Kiwandani nako kazi si ndogo. Mchuzi wa asilimia 30 unachacha kwa shida, kwa sababu chachu hulemewa na sukari nyingi na hutoa siki kidogo inapohangaika. Ukiachwa, unaweza kupanda hadi kileo cha asilimia 15 na zaidi. Mtengenezaji anayetaka kubakiza utamu inambidi ausimamishe, tuseme kwenye asilimia 13, ili zibaki gramu 80 hadi 100 za sukari kwa kila lita. Kusimamisha maana yake ni kupoza matangi haraka, kutia salfa dayoksaidi kwa kipimo na kuchuja kwa uangalifu mkubwa, la sivyo chupa itachachuka tena ikiwa kwenye rafu ya duka na kizibo kuruka. Haya yote yanahitaji umeme usiokatika na mtaalamu anayejua anachofanya. Kiwanda kidogo chenye matangi ya plastiki na bila mtambo wa baridi kisijaribu.

Kuna njia ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifaa Dodoma kuliko kuacha zabibu mtini. Ni kuvuna kwa wakati, kisha kuanika vishada kwenye chanja chini ya kivuli chenye upepo kwa wiki mbili au tatu. Waitalia wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na mvinyo mtakatifu wa Toscana, Vin Santo, hutokana na zabibu zilizoanikwa. Chanja si kitu kigeni kwa Mgogo anayekausha mboga. Faida ya kibiashara ni kubwa: mkulima anapima zabibu zikiwa na maji yake yote na analipwa siku hiyo, mti unapumzika na kupogolewa kwa ratiba, na hasara ya kukauka inabebwa na kiwanda ambacho ndicho kitakachouza chupa kwa bei ya juu. Wanaoota ukungu ule mwema wa Sauternes na Tokaj, unaokausha zabibu ukizipa ladha ya pekee, wanapoteza muda. Ukungu huo unataka asubuhi za umande na mchana wa jua. Kiangazi cha Dodoma kina hilo la pili tu.

Soko lipo? Anayesema Watanzania hawanywi mvinyo mtamu hajahudhuria harusi. Mteja wetu wa kawaida anapenda mvinyo mtamu kuliko mkavu, na rafu za maduka zinaonyesha hivyo. Tatizo ni kwamba utamu huo umezoeleka kama kitu cha bei ya chini. Utamu wa shambani hauwezi kushindana kwa bei na mfuko wa sukari, wala usijaribu. Nafasi yake ni chupa ndogo ya mililita 375, inayouzwa hotelini Zanzibar na Arusha mwisho wa mlo, kwenye hafla za Dodoma iliyojaa wageni wa serikali tangu makao makuu yahamishiwe huko, na kwenye maduka ya zawadi. Divai ya misa ni soko jingine lililo jirani, lenye wateja wa kudumu ambao hawabadiliki na mitindo. Hata hivyo, wapo wakazi wengi wa ukanda huu, Tabora hasa, ambao ni Waislamu wasiotumia kileo. Mpango wowote wa biashara unaohesabu idadi ya watu bila kuheshimu hilo ni wa kubahatisha.

Upande wa kodi, serikali imekuwa ikitoa unafuu wa kweli: mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo mno kwa lita kuliko ule unaotegemea malighafi ya nje. Ushuru huo ni mwepesi zaidi kwa mvinyo wa kuchelewa kuvunwa kuliko mwingine wowote, kwa kuwa unahesabiwa kwa lita ilhali bei ya lita moja ya mvinyo huu ni kubwa. Stempu za kielektroniki zilizoanza mwaka 2019 zinaongeza kazi kwa mzalishaji mdogo, ila zinamlinda dhidi ya wanaojaza chupa za watu mafichoni.

Funzo la Edelkeur linafaa kurudiwa hapa. Nederburg walipokuwa na mvinyo usiofanana na chochote sokoni, hawakuusukuma kwenye maduka ya kawaida. Ulipelekwa mnadani, katika mnada maalumu ulioanza mwaka 1975, ambako wanunuzi walishindana kupandisha bei. Dodoma ingeweza kuanza hivyo kwa chupa elfu moja tu kwa mwaka, zikauzwa kwa mnada mmoja hadharani. Bei itakayopatikana hapo ndiyo itakayomwambia mkulima kama inalipa kusubiri.

Sasa tusonge magharibi. Tabora haina historia kubwa ya mizabibu. Mvua yake inakaribia milimita 1,000 kwa mwaka, ingawa kiangazi chake cha Mei hadi Oktoba ni kikavu kama cha Dodoma. Mali ya Tabora ni miombo: mitundu, miyombo na mininga inayochanua na kulisha nyuki katika Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Mavuno makubwa ya asali huja katikati ya mwaka, Mei hadi Julai. Mji una Chuo cha Ufugaji Nyuki, kilichoanza miaka ya 1970, na ushirika wa wafuga nyuki wenye kiwanda chake Kipalapala. Kitaifa, serikali imekuwa ikitaja uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali kwa mwaka, na kinachovunwa ni sehemu ndogo tu ya hizo.

Na Tabora inajua kuchachusha asali tangu zamani. Wanzuki ni kinywaji cha nyumbani huko. Bahati mbaya, unaouzwa mitaani siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa sukari ya dukani, majani ya chai na hamira, na asali haimo. Hapo tumepoteza utaalamu na soko kwa mpigo mmoja. Ethiopia hawakupoteza: sehemu kubwa ya asali yao huishia kwenye tej, kinywaji cha heshima kinachonywewa kwenye sherehe na kuuzwa katika migahawa ya Waethiopia waishio Ulaya na Marekani.

Hesabu ya asali inavutia kuliko ya zabibu. Ndoo ya lita 20 ina asali ya kilo 28 hivi, na takriban kilo 22 kati ya hizo ni sukari. Ukiipunguza makali kwa maji safi hadi asilimia 30, unapata karibu lita 65 za mchuzi, na baada ya kuacha masimbi chini unajaza chupa ndogo zipatazo 160. Asali haiozi msimu ukipita, haihitaji kukimbizwa kiwandani usiku, na mtengenezaji anaweza kuchachusha mwezi wowote anaotaka. Kasoro yake ni kwamba haina naitrojeni ya kutosha kulisha chachu, hivyo bila kuongezewa virutubisho huchacha kwa kujivuta na kutoa harufu mbaya. Hili linafundishika kwa wiki moja. Chuo kipo, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka mtaji kwenye matangi ya chuma na mtambo wa baridi.

Msitu ndio wasiwasi wangu mkubwa. Tumbaku imeingia Urambo tangu miaka ya 1950, na kuikausha kunahitaji kuni za miombo ileile inayolisha nyuki. Mizinga ya magome nayo huua mti mzima ili kuhifadhi asali ya misimu michache. Tangu pori la Ugalla lilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, eneo la warina asali limebanwa zaidi. Lita moja ya mvinyo wa asali ikimpa mfuga nyuki zaidi ya kinachotoka kwenye kilo ya jani lililokaushwa, mti utapata mtetezi mwenye sababu mfukoni. Sijui hoja nyingine ya uhifadhi inayodumu kuliko hiyo.

Kuna kifaa kimoja kidogo kinachoweza kutumika pande zote mbili za njia hii: refraktomita, kipima sukari kinachoshikwa mkononi. Weka tone la maji ya zabibu, angalia kwenye mwanga, unasoma kiwango cha sukari. Chenye kipimo cha juu zaidi, cha asali, kinakuonyesha kiasi cha maji, na asali iliyozidi asilimia 20 ya maji haikidhi kiwango cha kimataifa. Hakihitaji umeme wala maabara, na kila chama cha ushirika kinaweza kukimudu. Shida ni kwamba leo kinashikwa na mnunuzi peke yake, na anakitumia kukataa mzigo. Ni nadra kukiona kikitumika kupandisha bei.

Reli ya SGR imefika Dodoma na imekuwa ikibeba abiria tangu 2024. Kipande cha kuelekea Tabora kinajengwa. Kikikamilika, chupa ya Chenin na chupa ya asali zitakuwa umbali wa saa chache tu kutoka kwa mteja mmoja wa Dar es Salaam, na mtengenezaji mmoja ataweza kununua malighafi pande zote mbili. Huo ni wakati mzuri wa kuwa na utaratibu wa bei uliokwisha kuandikwa.

Kwa viwanda vya Dodoma na ushirika wa Tabora, ombi langu ni hili. Kabla ya wakulima kupogoa mizabibu kwa msimu wa kiangazi ujao, bandikeni ukutani jedwali la bei: asilimia 18 ya sukari bei hii, 21 bei hii, 24 bei hii. Fanyeni hivyo hivyo kwa asali kabla ya Mei, kwa kipimo cha maji. Mkulima apime mwenyewe, mbele yenu, kwa kifaa cha chama chake.